Draivu Isiyokuwepo

Kila siku akitoka shule, Gulnaz alikula haraka haraka, akanawa, kisha akakimbilia duka la baba yake karibu na stendi ya mabasi ya Kahama. Mzee Tanvir aliuza madaftari, kalamu na chaki. Nyuma ya duka palikuwa na kichumba kilichowahi kuwa stoo ya mchele, na humo Shangazi Kausar, dada yake Mzee Tanvir, aliweka kompyuta aliyokuja nayo kutoka Mwanza. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na kompyuta mjini zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Mwili wa Gulnaz ulikaa Kahama, lakini mawazo yake yalikwisha kuhamia baharini. Chanzo kilikuwa sidii moja ya masomo ya sayansi. Sista Scolastika, mwalimu wa sekondari, alimwazima Shangazi Kausar kwa siku chache tu.

"Walioitengeneza wameruhusu shule zinakili," alisema. "Mimi nimehamishiwa Tabora. Ijumaa nitaipitia."

Ndani ya sidii hiyo kulikuwa na moyo wa binadamu unaodunda, kulikuwa na nyota, na kulikuwa na nyangumi. Aliogelea polepole katika maji ya buluu yasiyo na mwisho. Hebu fikiri, mtoto wa mji ambao maji hufika nyumbani yamepanda baiskeli ndani ya madumu, anaonyeshwa maji kiasi hicho. Gulnaz aliduwaa. Akiitwa mara tatu, huitika ya nne.

Kahama nzima hapakuwa na mashine ya kutengeneza sidii nyingine. Kwa hiyo Shangazi Kausar aliinakili yote ndani ya kompyuta, ikawa faili moja kubwa, kisha akawasha programu fulani na kubonyeza kitufe cha draivu. Kile kisahani cha kuwekea sidii kikatoka nje, kitupu. Hata hivyo, kwenye kioo cha kompyuta nyangumi aliendelea kuogelea.

"Sidii iko wapi, Shangazi?" Gulnaz aliuliza.

"Ninayo mkononi. Programu hii inaiambia kompyuta kwamba ina draivu ya pili, na ndani yake kuna sidii. Kompyuta inasadiki."

"Kumbe draivu yenyewe haipo?"

"Haipo, lakini inafanya kazi. Alhamisi ijayo mwalimu wenu atawaleta Darasa la Sita wote waje kusoma hapa."

Gulnaz alisisimka. Shuleni kwao hapakuwa na hata picha ya moyo ukutani. Usiku ule aliota nyangumi akipita juu ya mapaa ya mabati ya Kahama, taratibu, bila kumwamsha mtu.

Ijumaa mchana Mzee Tanvir alikwenda msikitini, Shangazi Kausar akaenda kununua mafuta ya jenereta. Gulnaz alibaki dukani na rafiki yake Bhoke. Kwa siku kadhaa alikuwa akichora nyangumi kwenye kompyuta, mmoja baada ya mwingine, na leo alimaliza mkubwa kuliko wote. Alipotaka kumhifadhi, kompyuta ikakataa. Nafasi ilikuwa imejaa.

Akatazama kwenye kioo. Palikuwa na alama ya draivu ile ya pili, na mbali kidogo palikuwa na faili moja nene.

"Vitu viwili vya nini?" alimwambia Bhoke. "Nyangumi anakaa kwenye draivu. Hili ni zigo tu."

Akalifuta. Kompyuta ikamwonya kuwa faili ni kubwa mno, likifutwa halitarudi. Gulnaz akakubali bila kusoma, kichwa chake kikiwa bado baharini. Akamhifadhi nyangumi wake mkubwa, kisha akafungua draivu, akaikuta tupu. Alibonyeza tena na tena.

Bhoke alishusha sauti. "Nyamaza tu. Tutasema ni jenereta, imezimika ghafla."

"Herman, kijana wa dukani, ndiye anayeiangalia jenereta. Si atafukuzwa?"



Mara hodi ikapigwa. Sista Scolastika aliingia, gari la misheni likinguruma nje.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata sidii yangu."

Ilikuwa juu ya meza, ndani ya bahasha. Gulnaz akampa. Sista akamshukuru, akatoka, akapanda gari. Mlango ukafungwa. Hapo Gulnaz akaona wazi: gari likiondoka, Alhamisi Darasa la Sita watakuja kutazama kioo kitupu, na Herman atabeba lawama isiyo yake. Akatoka mbio peku, akashika dirisha la gari.

"Sista, usiondoke. Nimeifuta nakala ya sidii. Ni mimi, si jenereta." Machozi yalimtoka mbele ya stendi nzima.

Sista alimtazama, kisha akamgeukia dereva. "Zima gari."

Shangazi Kausar alirudi na dumu la mafuta, akaambiwa yote. Hakufoka. Alikagua kompyuta, akasema, "Nafasi haitoshi kunakili tena. Programu inahitaji nafasi ya ziada wakati wa kunakili, na michoro yako imeila yote. Uamuzi ni wako, Gulnaz."

Gulnaz alifuta nyangumi wake wote mwenyewe. Yule mkubwa alimfuta mwisho, akilia kimyakimya. Kisha wakakaa, na Sista pamoja nao wakinywa chai, mpaka sidii ikanakiliwa yote.

Alhamisi wanafunzi walijaa kichumbani hadi mlangoni. Moyo ulidunda, nyota zikawaka, nyangumi akapita. Bhoke alisahau kufunga mdomo.

Walipokwisha kuondoka, Shangazi Kausar alimweka Gulnaz karibu yake.

"Draivu ile ni kivuli, mwanangu. Mti wake ni lile faili. Ukikata mti, kivuli hakibaki. Siku nyingine uliza kabla ya kufuta."

"Nimeelewa, Shangazi. Na uliniacha bila adhabu."

"Ulijiadhibu mwenyewe. Sikiliza: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Uliusema ukweli sidii ikiwa bado mlangoni, ndiyo maana tuliweza kutengeneza. Ungeusema baada ya gari kufika Tabora, ungekuwa ukweli uleule, lakini usingewasaidia wenzako kitu."