Mapumziko ya Tulizo Mbilinyi

Kwenye ukuta wa chumba cha uangalizi, nukta mia mbili na kumi na mbili za kijani zilitambaa juu ya ramani ya milima. Kila nukta ilikuwa tarishi mmoja na mkoba wake wa barua. Kwingineko kazi hiyo ilikuwa imeshachukuliwa na ndege zisizo na rubani, lakini huku Nyanda za Ukungu upepo uliziangusha kila wiki, na barua bado zilikwenda kwa miguu.

Kila tarishi alivaa kipimasaa, bangili nyembamba iliyosoma hatua, mapigo ya moyo na mwinuko wa njia, ili ijulikane anafanya kazi saa ngapi hasa. Aliyeibuni alikuwa mhandisi Atuganile Chaula. Aliwaahidi matarishi kwamba hakuna atakayeambiwa tena kazi yake ni ya saa nane wakati anaondoka alfajiri na kurudi usiku umeingia.

Asubuhi hiyo nukta moja ilikuwa ya njano. Njano maana yake mapumziko.

"Huyo Mbilinyi wa Lwangu amelala tangu jana mchana," alisema meneja, Bwana Kihwele. "Mwandikieni onyo."

Atuganile alimpigia Tulizo Mbilinyi mara nne, hakupokea. Akachukua gari kwenda Lwangu. Alipofika, watu walikuwa wameshamtoa mtoni, kwenye kona ya chini ambako maji yalimtupa. Bangili ilikuwa bado mkononi mwake, inafanya kazi.

"Kwa nini hakungoja maji yapungue?" aliuliza.

Sekela, mke wa marehemu, alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Zamani alikuwa anangoja, mhandisi. Mwezi uliopita akaitwa ofisini, akaambiwa ana mapumziko mengi, akizidisha ataachishwa. Kabla ya hapo, siku mto ulipojaa, alikuwa amesimama pale ng'ambo saa tatu nzima na mvua inamnyeshea. Bangili yako ikaandika amepumzika."

"Sikuiunda hivyo, mama. Kungoja niliandika ni kazi."

"Basi isome."

Aliisoma palepale kwenye simu yake, amepiga magoti kwenye matope. Sharti lilikuwa limebadilishwa: mwili ukitulia dakika tano, ni mapumziko. Chini yake palikuwa na saini ya Kihwele, na chini ya hiyo, yake mwenyewe. Alikumbuka siku ya uzinduzi, rundo la karatasi mezani, na jinsi alivyosaini huku akicheka na wageni. Hasira ilimpanda, wala hakujua aanze kumchukia nani.

Atuganile aliporudi ofisini, Kihwele hakubabaika. "Tarishi aliyesimama hafanyi kazi," alisema.

"Na mto ukijaa?"

"Hilo halimo kwenye kipimo. Tutalirekebisha kimyakimya. Ukilipeleka mbele, kumbuka na jina lako limo."

Wiki mbili baadaye Atuganile alisimama mbele ya tume ya kazi, matarishi wamejaa ukumbi na viatu vyao vya mpira, akasoma kumbukumbu ya bangili neno kwa neno.

"Saa nane na dakika kumi na tatu mchana, amefika mtoni, amesimama. Saa nane na dakika kumi na saba, ameingia majini." Akainua uso. "Alingoja dakika nne. Ya tano ingehesabiwa uvivu. Saa nane na dakika ishirini na moja, moyo umesimama. Kuanzia hapo mpaka saa tatu asubuhi ya siku ya pili, alipotolewa mtoni, kipimasaa kimeandika kwamba Tulizo Mbilinyi anapumzika."

"Badiliko hili liliidhinishwa na nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Na Bwana Kihwele," alisema Atuganile. "Na mimi. Andikeni majina yote mawili."

Sekela, aliyeketi mstari wa mbele, alimkazia macho, na hayakuwa na msamaha. Atuganile hakuutegemea. Alifungua kumbukumbu ya tarishi wa pili, naye aliyeandikiwa mapumziko alipokuwa akingoja, akaendelea kusoma.