Mulamula Kando ya Jiwe la Mpaka

Shimo lilikuwa tupu. Jiwe la mpaka lililoonyesha pembe ya uwanja mpya wa mpira, huko Ijuganyondo, lilikuwa limeng'olewa, na udongo ulikuwa bado mbichi.

Inspekta Klaudia alichuchumaa. Nyuma yake mpima ardhi, Masele, alilalamika kwamba michoro imeshapitishwa na fedha za serikali zimeshatengwa. Mwaka wa fedha ukiisha kabla mipaka haijathibitishwa, fedha zitarudi Hazina, na mji utabaki bila uwanja.

Jiwe walilikuta limesimikwa upya mbele zaidi. Mstari huo mpya ulimeza nyumba ya mjane Restituta na kugusa kibanja alichonunua mfanyabiashara Mutalemwa mwezi uliopita. Kandokando, nyumba za majirani zilikuwa zimeezuliwa mabati. Kilima kizima, moshi ulitoka jiko moja tu.

Klaudia alianza na Mutalemwa.

"Ulinunua ukijua uwanja unakuja?"

"Nilijua. Kununua si kosa, afande."

"Jiwe limesogea kwako."

Mutalemwa akacheka. "Limegusa migomba miwili. Ningekuwa mimi, lingemeza kibanja chote nilipwe fidia. Mwizi gani huyo wa migomba miwili?"

Klaudia akaagana naye. Akarudi kwenye jiwe peke yake. Kando yake kulikuwa na kijiti cha kijani ambacho Masele alikikanyaga akidhani ni gugu. Akakiinua. Kilikuwa mulamula, umetoka kupandwa. Baba yake, kule Muleba, hakuweka mpaka hata mmoja bila kupanda mulamula. Wapimaji wa Masele walitoka mbali. Wasingelifikiria jambo hilo.

Akafuata ua wa mulamula uliozunguka nyumba ya Restituta. Shina moja lilikuwa na jeraha la panga, bichi.

Mjane alikuwa akimenya ndizi. Klaudia akamsalimia kwa Kihaya, akakaa.

"Mulamula ule umeukata lini, Ma?"

"Juzi."

"Na jiwe?"

Kisu kikasimama. "Siku hiyohiyo. Nililiviringisha. Lilinitoa jasho, waitu."

"Mulamula wa nini tena?"

"Mpaka usio na mulamula ni mpaka gani, mwanangu?"

Klaudia akamuuliza kama alitaka fidia. Restituta akamtazama kama mtu asiyeeleweka lugha yake.

"Wenzangu wote mstari uliwachukua. Wamepewa mashamba Kimwani, wanapakana kama walivyopakana hapa. Mimi mstari ulipita mlangoni ukaniacha. Nilimwomba yule mpimaji mstari uniguse na mimi. Akasema nina bahati." Akaokota ganda la ndizi, akaliangusha. "Kikundi chetu cha kuzikana kimeondoka nao. Nikifa humu, nani atajua? Washangiliaji?"

Klaudia akainuka. Kisha akasema lililompasa: kuhamisha alama ya upimaji ni kosa la jinai, na itabidi waende kituoni Bukoba.

Restituta hakubisha. Akamwagia moto maji.

"Huko mahabusu, wanawake mnawalaza chumba kimoja?"

"Chumba kimoja, Ma."

"Wapo?"

"Wapo wawili."

Akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa amevaa gauni lake la Misa.