Kifaru cha Kizota

"Mbuzi ametoka zizini."

Sauti ya Charles ilitoka katika kisikilizio kilichofichwa sikioni mwa Edina, kavu, kama ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Kashika njia gani?"

"Ya Singida. Land Cruiser nyeupe, yuko peke yake. Mzigo anao. Kazi imekwisha, mwache aende."

Edina akashusha pumzi. Miezi mitatu ya kumvizia Haller ilikuwa imefika mwisho wake, mchana kweupe, mlangoni mwa karakana ya Kizota iliyonuka rangi na chuma kilichokatwa.

Haller alijiita mkusanyaji wa vitu vya makumbusho. Uongo mtupu. Alikuwa mtu wa wafanya magendo ya silaha, na alichotaka ni kimoja tu: mfano wa kifaru kipya cha jeshi, kwa kipimo cha moja kwa kumi na sita, sahihi nje na ndani. Michoro hunaswa mpakani. Mfano hupita kama mwanasesere, na afisa wa forodha akabaki anausifia.

Idara ya usalama ilimwacha aagize. Ilimwacha hata ampate fundi hodari kuliko wote, Zablon Matonya, aliyetengeneza vifaru jeshini miaka ishirini na kustaafu mwaka jana. Ila ndani ya mfano huo ilitaka upandwe uongo mmoja. Katika kifaru halisi makombora hukaa kushoto, nyuma ya bamba jembamba kuliko yote. Katika mfano yakae kulia, ili adui ajifunze kulenga upande mgumu. Kwa Zablon, Edina alikuwa karani tu aliyemletea kibali na maelekezo.

"Shikamoo, mzee. Nimepita kukushukuru."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Zablon alikuwa anaifuta venia yake ya kupimia unene kwa kitambaa chenye mafuta. "Ile karatasi yako ilikuwa na kosa, lakini usijali. Nimelirekebisha."

"Kosa gani, mzee?"

"Uliandika makombora kulia. Yako kushoto. Nikasema, hawa watoto wa ofisini kifaru wamekiona kwenye gwaride tu. Sikutaka uadhirike kwa bosi wako."

Edina akausogelea mlango.

Amri ilisema fundi asiambiwe sababu. Basi hakuambiwa. Na fundi wa kweli, ukimpa kipimo kibovu bila sababu, atakinyoosha. Wakubwa wote wale na shahada zao, hakuna aliyeliwaza hilo.

Akatoka nje, akabonyeza kitufe cha shingoni. "Charles. Mfano ni wa kweli. Kushoto."

Charles akaguna.

"Namkamata sasa hivi."

"Ukimkamata, waliomtuma watajua kuna kitu tunakificha. Watatafuta njia nyingine, na hiyo hatutaiona. Nipe muda niurudishe uongo ndani ya mfano."

"Vifaru vinakwenda mpakani Jumatatu, Edina."

"Najua."

Alijua kuliko Charles. Gerson, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye mpakiaji wa makombora katika kifaru cha pili. Kiti chake kiko kushoto.

"Dorothea wa trafiki yuko Bahi na tochi ya kupimia mwendo," Charles akasema. "Atamsimamisha kwa kosa la mwendo kasi. Nusu saa tangu asimame. Ikipita hiyo, vijana wangu wanaingia na bunduki."

Edina akarudi ndani na kuvunja amri. Alimweleza mzee yote: Haller ni nani, kwa nini kulia, na nani anakaa kushoto. Zablon alisikiliza bila kupepesa macho.

"Ungeniambia tangu mwanzo," akasema.

"Ndiyo, mzee. Tulikosea."

"Unataka nikaiharibu kazi yangu mbele ya macho yake."

"Ndiyo."

Mzee akatazama ukutani, zilipopangwa tupa zake kwa ukubwa. Kisha akachukua mkoba wa vifaa.

Honda XL ilitoka Kizota ikiunguruma. Edina alikuwa amevaa kofia ngumu yenye kioo cheusi na kizibao cha bodaboda. Chini ya kizibao, Beretta. Nyuma yake, mzee mwenye umri wa baba yake, mkoba kifuani, anahesabu kilomita kwa mdomo. Vumbi, upepo, malori. Sindano ya mwendo ikagota mia na kumi.

Bahi.

Land Cruiser ilisimama pembeni, mashamba ya mpunga yakiwa nyuma yake. Dorothea, katika sare nyeupe ya trafiki, alikuwa ameinamia buti bila haraka.

"Kizimamoto hiki kimeisha muda, bosi. Na pembetatu ya pili iko wapi?"

"Dakika kumi na moja zimebaki," Charles akasema sikioni.

Zablon akashuka, akapunga mkono. "Bosi Haller! Afadhali nimekukuta."

Haller akageuka polepole. Mkono wake wa kulia ukaingia mfukoni mwa koti. Edina, juu ya pikipiki, akalegeza zipu ya kizibao.

"Fundi. Umenifuata kilomita zote hizi?" Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Nimekosea kazi yako. Makombora nimeyaweka upande sio. Siwezi kulala na kosa kama hilo."

"Uliniambia kushoto. Ulisema una hakika."

"Nilikichora kwa kukumbuka, bosi. Nikajiona nimesimama mbele yake. Ukisimama mbele ya kifaru, kushoto kwako ndiyo kulia kwake. Nimestukia leo wakati nafagia."

Macho ya Haller yalihama kutoka kwa mzee hadi kwa dereva wa bodaboda, yakakaa hapo. Edina akapiga miayo ndani ya kofia, akatoa simu na kujifanya anasoma ujumbe.

"Fungua," Haller akasema.

Sanduku likawekwa juu ya boneti. Zablon akainua kichwa cha kifaru pamoja na mtutu wake. Ndani, makombora madogo ya shaba yaliyokatwa kwenye mirija ya kalamu yalikuwa yamesimama kwa safu, kila moja na mstari wake wa rangi. Kulia kulikuwa na kisanduku cha redio. Akapitisha kisu chini yake, akaking'oa. Akayang'oa na makombora. Mikono iliyosifika jeshi zima kwa kutulia ilikuwa inatetemeka.

"Unaogopa nini, mzee?"

"Siogopi. Naona aibu."

Hilo lilikuwa kweli, na Haller aliusikia ukweli wake. Mkono ukatoka mfukoni.

"Dakika nne," Charles akanong'ona.

Tone la Super Glue. La pili. Zablon akakibandika kisanduku cha redio kushoto, akayabana makombora upande wa kulia kwa kidole gumba mpaka yakashika. Haller akakipindua kifaru. Tumboni, katikati ya minyororo, palikuwa pamekwaruzwa herufi mbili: Z.M.

"Jina lako libaki?"

Mzee akakawia. Edina akahesabu moja, mbili, tatu. Kidole chake kiligusa kitako cha bastola.

"Libaki, bosi."

Dorothea akafunga buti. "Haya, nenda. Punguza mwendo."

Gari likaondoka. Kinasa sauti ambacho Idara ilikishona ndani ya bitana ya sanduku kikarusha sauti mpaka sikioni mwa Edina. Edina akamsikia Haller akiongea na simu, anacheka: *Mzigo uko salama. Fundi mjinga kanifuata mpaka Bahi kujirekebisha mwenyewe.*

"Umesikia?" Charles akauliza. "Wamemeza. Tutamfuata mpaka kwa mabwana zake, tuwazoe wote."

Edina akakitoa kisikilizio. Lile neno "mjinga" hakumwambia mzee.

Zablon alikuwa ameketi juu ya jiwe, anasugua gundi kidoleni. "Miaka arobaini ya ufundi," akasema. "Sijawahi kuweka jina langu kwenye kitu kibovu."

Edina akachuchumaa kando yake.

Simu yake binafsi ikaita. Gerson. Akaitazama mara mbili, kisha akaipokea na kumpa mzee. "Ndiye anayekaa kushoto."

"Dada?" sauti ikasema, nyuma yake injini kubwa ikinguruma.

"Sio dada. Ni fundi Zablon, rafiki yake."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mzee."

Zablon akaisikiliza ile injini mpaka akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Basi sawa," akasema, akarudisha simu.

Edina akavaa kofia, akapiga kiki. "Twende, mzee. Karakana tumeiacha wazi."