Kufuli la Saa Kumi

Kila siku, saa kumi kamili za alasiri, vinywa laki mbili vilijifunga kwa pamoja katika jiji la Dodoma. Ukisimama kwenye kituo cha treni ya sumaku wakati huo, ungesikia mlio mdogo ukipita katikati ya watu, ta, kama punje ya hindi inayopasuka kikaangoni. Yalikuwa meno yakikutana. Aliyekuwa na andazi mkononi alilirudisha mfukoni bila kulalamika, akaendelea na safari yake. Hakuna chakula ambacho kingepita kwenye midomo ile hadi saa nne asubuhi ya kesho yake.

Kifaa kilichofanya kazi hiyo kiliitwa kifungakinywa. Watu wa mitaani walikiita kufuli. Zilikuwa nyuzi mbili za metali laini, nyembamba kuliko unywele, zilizopandikizwa ndani ya misuli ya kutafunia, moja kila shavu. Ilipofika saa kumi, nyuzi zilibana mara moja, kwa taarifa tu, kisha zikalegea. Baada ya hapo mvaaji aliweza kusema, kunywa maji, kupiga miayo na hata kuimba kwaya. Lakini nyuzi zile ziliweza kunusa. Chakula kikikaribia, zilisisimua misuli na taya zikajifunga, na kadiri chakula kilivyokuwa karibu ndivyo zilivyobana zaidi.

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Sechelela Ndahani, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na kilo mia moja na sitini, na kaka yake Nyemo alikuwa akielekea huko huko. Kila mtu mjini alijua kwamba kula kwa saa sita na kufunga kwa saa kumi na nane kunapunguza uzito. Kazi ilikuwa kuvumilia. "Mwili wa kaka yangu hauna haja ya dawa," Sechelela aliwaambia wakubwa wake siku ya kwanza. "Una haja ya mlango."

Toleo la kwanza lilikuwa na neno la dharura. Mvaaji akisema "fungua", taya zililegea. Lakini Sechelela alisahau kwamba anaishi na watu wa karamu. Mtu akisema harusini kuwa amefunga, meza nzima ilimpigia kelele, "Fungua, bwana, fungua," na vinywa vikafunguka. Akarekebisha kifaa kisikilize sauti ya mvaaji peke yake. Baada ya wiki mbili wavaaji wenyewe wakawa wanalitaja neno hilo huku kijiko kikiwa njiani. Ndipo alipoongeza sharti moja fupi: neno lisisikilizwe chakula kikiwa karibu na mdomo au ndani yake. Mfungo ukatulia. Watu wakaanza kupungua. Nyemo, aliyekuwa mvaaji wa kwanza kwa sababu dada yake alimwomba, alipungua kilo thelathini na moja.

Jumapili ile ilikuwa kipaimara cha binti yake Nyemo. Turubai lilifungwa uani, viti mia mbili vikapangwa, na wahudumu wa chuma wakasimama kando na masufuria yao yenye magurudumu wakisubiri amri. Chakula kilipangwa kuanza saa saba. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa na hotuba, na baada yake mjomba akaomba kusema machache.

"Mhandisi," Nyemo alimnong'oneza dada yake, "umeniwekea mimi kufuli, ukawasahau hawa wanaohitaji."

"Vumilia, kaka. Hata usipokula leo hufi."

"Hapo ndipo mnapokosea nyie mliosoma. Mbuzi nimemfuga mwenyewe miaka miwili. Leo nimnuse tu kama fisi wa mbali?"

Hotuba ziliisha saa kumi kasoro dakika saba. Nyemo alikuwa wa kwanza kufika kwenye nyama, akarudi na sahani iliyojaa. Alikula kwa mikono miwili. Foibe, mke wake, alikaa karibu naye na kumtazama kwa aibu.

"Taratibu, baba Yuditi. Nyama haina miguu."

"Ilikuwa nayo. Ndiyo maana naiwahi."

Wageni wakacheka. Sechelela naye akacheka. Akaangalia saa yake na kumwinamia kaka yake. "Zimebaki sekunde kumi. Imeze hiyo, uache."

Nyemo alikuwa na pande kubwa la paja mdomoni, hajalitafuna hata nusu. Akamtii dada yake. Akameza.

Ta.

Safari hii taya hazikulegea, kwa kuwa nyuzi zilinusa nyama ndani. Nyemo alisimama, akaishika shingo yake. Hakutoa sauti. Meza ilipinduka, sahani zikavunjika, na watu wa karibu wakaendelea kucheka kidogo kabla ya kuelewa. Uso wake ulikuwa unageuka rangi. Sechelela alimzunguka kwa nyuma, akafunga ngumi chini ya mbavu zake na kuvuta kwa nguvu. Nyama ilipanda, ikagonga ukuta wa meno, ikarudi ilikotoka. Alivuta tena. Ikapanda, ikarudi. Kila ilipopanda, nyuzi ziliinusa zaidi na kubana zaidi. Jino la mbele la Nyemo lilipasuka, damu ikachuruzika kidevuni.

"Mwache ateme," Foibe alikuwa anapiga kelele. "Wifi, kiambie kifaa chako kimwache ateme."

Sechelela aliigusa saa yake ya mkononi kuita Kituo cha Mfungo, kilichoendesha vifaa vyote.

"Habari za alasiri, Mhandisi," sauti ilijibu kwa upole. "Tumetambua chakula kinywani mwa mtumiaji. Hili ni jaribio la kuvunja mfungo."

"Amekabwa. Mfungulie."

"Ombi halipokelewi chakula kikiwa mdomoni. Tafadhali subiri mtumiaji atulie."

"Ni mimi. Ni mimi niliyekuandika hivyo."

"Asante kwa kutuandika, Mhandisi."

Nyemo alianguka magotini, kisha ubavu. Sechelela alitazama huku na huku, akachomoa kisu kutoka kwenye mkono wa mhudumu wa chuma aliyekuwa bado anakata mbuzi. Alijua mahali nyuzi zilipo kuliko mtu yeyote duniani. Alimkalia kaka yake kifuani, akapima vidole viwili mbele ya sikio la kushoto, akachoma.

Foibe alimrukia, akamvuta nywele, akampiga ngumi usoni. "Unamchinja," alisema. "Unamchinja mume wangu mbele ya mwanawe." Wanaume wawili wakamshika Foibe. Sechelela aliendelea kukata. Msuli ulikuwa mgumu kama kamba iliyolowa, na damu ya moto ilimfunika kiganja. Kisha kitu kilikatika, taya ikapinda upande mmoja, na mwanya ukaonekana. Akaingiza vidole kuivuta nyama.

Shavu la kulia lilikuwa bado zima. Liliibana taya kwa nguvu zake zote. Sechelela alisikia mfupa wake ukivunjika kabla hajasikia maumivu, na alipovuta mkono, kidole cha shahada kilikuwa kimebaki ndani. Alishika kisu kwa mkono wa pili, akakata shavu la kulia hadi taya ikaning'inia kama mlango uliong'oka. Akaingiza mkono mzima. Akaitoa nyama, akakitoa na kidole chake, akavitupa vyote mchangani.

Nyemo akavuta pumzi. Ilikuwa sauti mbaya sana, ya msumeno juu ya bati, na Sechelela hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Siku ya tatu, akiwa hospitalini na mkono uliofungwa bandeji, aliifungua ripoti ya mfumo. Ilikuwa fupi: *Jaribio limezuiwa. Kifaa kimeharibiwa. Mtumiaji hajatulia.*

Alilisoma neno la mwisho mara nyingi. Kila Ijumaa kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akipokea ripoti kama hizo, na nyingi zilimalizika kwa neno *ametulia*. Yeye ndiye aliyelichagua. Lilimaanisha kwamba mvaaji ameacha kushindana na kifaa na misuli yake imelegea. Alikuwa akizihesabu ripoti hizo kama ushindi, na wakubwa wake walimpigia makofi.

Aliuuliza mfumo swali ambalo hakuwahi kuuliza: kati ya waliotulia na chakula mdomoni, ni wangapi hawakula tena kesho yake?

Walikuwa kumi na tisa. Mwalimu Chedego, miaka hamsini na mbili, yai la kuchemsha. Fundi cherehani wa Chang'ombe, kiazi. Msichana wa miaka ishirini na sita, sambusa. Wote saa kumi iliwakuta peke yao, wakitafuna, na ndugu zao waliambiwa wamekufa kwa moyo.

Alimpigia simu Mkurugenzi wa Kituo, akamweleza yote. "Maelfu wamepona kisukari kwa kifaa hiki," alijibu. "Ukikizima leo, wangapi watakufa polepole?"

"Sijui," Sechelela alisema. "Lakini watakufa kwa kuchagua wenyewe, na mdomo wazi." Akaandika amri kwa vidole tisa, akazima vifaa vyote laki mbili. Kisha akaituma polisi orodha ya wale kumi na tisa, jina lake likiwa juu kabisa kama mtuhumiwa.

Aliingia wodini. Foibe alikuwa ameketi kando ya kitanda. Hakumsalimia wifi yake, lakini alisogeza kiti. Uso wa Nyemo ulikuwa umeshonwa kutoka sikio hadi sikio na kufungwa kwa vyuma. Daktari alisema hatatafuna tena maisha yake yote.

"Kaka," Sechelela alisema. Alipiga magoti sakafuni.

Nyemo alimtazama. Akanyoosha mkono kuchukua kibao cha kuandikia, akaandika polepole, akamgeuzia.

*Nina njaa.*

Foibe aliinua kikombe cha uji, kisha akasita, akampa Sechelela. Sechelela alikipokea kwa mkono ulio mzima, akapitisha mrija taratibu kwenye pengo la meno, na Nyemo akanywa.