Ng'ombe Wanne na Chuo cha Eunice

"Mama Eunice, hii ni orodha ya vyuo, au ni orodha ya waalikwa wa harusi?"

Hivyo ndivyo jirani yangu Tabitha alivyoniuliza siku moja. Tulikuwa uani kwangu, hapa kijijini Nyakunguru, tunapukuchua mahindi. Ulikuwa mwezi wa saba. Mahindi yalikuwa yamekauka vizuri, na vidole vyetu vilikuwa vimeanza kuuma. Tabitha aliona karatasi juu ya kiti. Akaipangusa vumbi, akaisoma kwa sauti.

"Mwanza, kwa Daudi. Dar es Salaam, kwa shangazi. Arusha, kwa baba mdogo Nyamhanga. Musoma, kwa mama Nice. Haya, na vyuo viko wapi?"

"Vimeandikwa pembeni," nikamwambia. "Kwa herufi ndogo."

"Aa! Kumbe ni maandishi? Nilidhani panya amepita."

Tulicheka sana. Lakini baada ya kucheka, Tabitha aliirudisha karatasi kitini polepole. Nami nilijua anawaza nini. Mwaka uliotangulia mwanawe, Marwa, alikwenda chuo kimoja cha gharama kubwa. Alisoma muhula mmoja tu. Akarudi na godoro lake kichwani. Ng'ombe wawili walikuwa wameshauzwa, na cheti hakuna.

Eunice ni binti yangu wa kwanza. Alimaliza kidato cha nne, akataka kusomea uuguzi. Baba yake alifariki miaka sita iliyopita. Karatasi ile iliandikwa siku alipokuja shemeji yangu Waitara, kaka mkubwa wa marehemu. Shemeji ni mtu mwema. Tangu tuwe peke yetu hajapitisha wiki bila kuja kutuona. Siku ile alikaa kwenye kiti, Eunice akashika kalamu. Eunice akitaja mji, shemeji anauliza, "Huko tuna nani?" Kama tuna ndugu, anasema, "Andika." Kama hatuna, anasema, "Ruka."

Alama za mtoto hazikuulizwa. Gharama hazikuulizwa. Mwishoni shemeji alisema, "Ukienda palipo na mtu wetu, natoa ng'ombe mmoja zizini kwangu. Pasipo na mtu wetu, sitoi hata mkia."

Mimi sikubisha. Nimeishia darasa la saba. Nilijiambia mambo ya chuo yana wenyewe. Lakini swali la Tabitha halikunitoka. Usiku niliomba, na asubuhi nilijua nimwone nani.

Kanisani kwetu kuna mama mmoja kijana, anaitwa Mogesi. Tunaimba naye kwaya. Yeye ni mtaalamu wa maabara pale kituo cha afya. Jumamosi ya Sabato ilipofika, baada ya ibada nilimweleza shida yangu.

"Mama, leo ni Sabato," akasema. "Hesabu za ng'ombe tufanye kesho. Mwambie Eunice anitolee matokeo yake."

Kesho yake alikuja mapema, hata uji haujaiva. Eunice akamwamkia na kumpa karatasi ya matokeo. Mogesi akaisoma polepole.

"Biolojia C. Hongera. Kemia D. Kiswahili C. Jiografia D. Fizikia?"

Eunice akatazama chini. "F, dada."

Mogesi akafungua simu. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha mwongozo, kile kinachotolewa kila mwaka kwa ajili ya waombaji wa vyuo. Humo kila kozi imeandikiwa sifa zake. Alimpa Eunice asome mwenyewe. Eunice akasoma kuhusu uuguzi, akasoma tena. Machozi yakaanza kumtoka.

"Wanataka ufaulu wa fizikia," akasema. "Wote."

"Wote," akasema Mogesi. "Kila chuo kilicho kwenye orodha yenu. Ungelipa pesa ya maombi mara nne, ungengoja, kisha dirisha la maombi lingefungwa. Na wewe ungebaki unajiuliza kwa nini hawakuiti."

"Kwa hiyo mimi sisomi tena?"

"Nani amesema husomi? Futa machozi. Njia ya kwanza, unaweza kurudia mtihani wa fizikia, ukaomba uuguzi baadaye. Njia hiyo ipo na si aibu. Njia ya pili, tutafute humu kozi inayokubali alama ulizonazo leo. Usianze na jina la chuo, wala na ndugu. Anza na karatasi yako ya matokeo."

Nikawawekea uji. Eunice hakuugusa. Alikuwa anapitisha kidole kwenye simu, anasoma kozi moja baada ya nyingine. Mwishowe akasimama kwenye moja.

"Afya ya mifugo," akasema. "Hii alama zangu zinatosha." Akanitazama. "Mama, ndama wa yule mweupe alipoumwa, nani alimshika na kumchoma sindano?"

"Wewe," nikasema. "Na bwana mifugo alikusifu."

"Alisema mkono wangu hautetemeki."

Hapo ndipo alipokunywa uji.

Mogesi akaendelea. "Sasa gharama. Hapa ndipo mimi niliumia, Eunice, kwa hiyo nisikilize. Mimi nilikwenda chuo kwa kuangalia ada ya mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili nikarudi nyumbani. Niliuza maandazi sokoni miaka miwili ndipo nikaanza tena chuo kingine, cha bei nafuu. Hakuna aliyeniambia niulize. Kesho Jumatatu, piga simu vyuoni. Namba zimo kwenye mwongozo. Usiulize ada peke yake. Uliza hosteli, chakula, sare, buti, mitihani, mazoezi ya vitendo na bima. Uliza mpaka siku ya kumaliza. Uliza pia kama wanapokea ada kwa awamu."

"Kuna kaka mmoja pale stendi," Eunice akasema, "anasema nikimpa elfu hamsini ananiingiza chuo chochote."

"Usimpe hata mia. Huyo hana chuo, ana simu tu. Omba mwenyewe, na ulipe kwa namba ya malipo unayopewa na chuo. Na kabla ya kulipa, hakikisha chuo kimo kwenye mwongozo. Kama hakimo, hakijasajiliwa."

"Na mkopo wa serikali?" nikauliza.

"Upo kwa baadhi ya kozi. Ulizeni, ombeni. Lakini msiuweke kwenye hesabu kabla haujaingia mkononi."

Jumatatu Eunice alipiga simu tangu asubuhi. Simu ya kwanza alisahau nusu ya maswali. Simu ya tatu alikuwa anauliza kama karani. Jioni Mogesi alipotoka kazini alipitia kwangu, tukaketi chini na ungo. Sisi hapa hatujazoea hesabu za mamilioni. Tunahesabu kwa ng'ombe. Kwa hiyo kila punje ya mahindi ikawa ng'ombe mmoja kwa bei ya mnadani.

Chuo cha binafsi cha Arusha, kile cha karibu na baba mdogo Nyamhanga, kilikula punje nane mpaka kumaliza. Vyuo vya serikali vilikula punje nne, pamoja na chakula na nauli.

"Mama, una ng'ombe wangapi?" Mogesi akaniuliza.

"Saba."

"Sikuulizi wa zizini. Nauliza wa kuuza."

Nikafikiri. Maksai wawili ndio wanaolima shamba letu. Nikiwauza, mwakani tutakula nini? Majike wawili wanatupa maziwa.

"Watatu," nikasema.

Wakati huo shemeji Waitara akaingia, fimbo mkononi. Eunice akasimama.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mmekaa mnacheza bao na mahindi ya kula?"

"Tunahesabu ng'ombe, shemeji," nikasema.

Tukamweleza yote. Alisikia habari ya fizikia, akatikisa kichwa kwa huruma. Alisikia habari ya afya ya mifugo, akaruka.

"Ati nini? Niuze ng'ombe ili mtoto akasomee ng'ombe? Sisi Wakurya! Ng'ombe tunawajua tangu tumboni!"

Mogesi akacheka. "Baba, mwaka jana walikufa wangapi kwako kwa ugonjwa wa ndigana?"

Shemeji akajikohoza. "Watano."

"Na uliwajua tangu tumboni."

"Huyu mama wa kwaya ana mdomo," shemeji akasema, lakini alikuwa anatabasamu. Akavuta kiti karibu na ungo. "Haya. Punje nane ni za wapi?"

"Arusha, kwa baba mdogo Nyamhanga."

"Nane! Kuna nini huko, wanalala hotelini?"

Basi tukaandika orodha mpya. Mogesi alitufundisha hivi. Kwa kila chuo, kabla ya kukiandika, jiulize maswali mawili. Je, alama zangu zinakubalika? Na kikiniita, tutamudu mpaka mwisho? Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, usikiandike. Usiandike chuo cha kujifurahisha.

Tena alisema, kufikia alama za chini kabisa si ahadi ya kuitwa. Chuo kinachoombwa na wengi huchagua wenye alama za juu. Kwa hiyo Eunice asiandike vyuo vinavyogombewa peke yake. Cha kwanza akaandika chuo cha serikali upande wa Mwanza. Kinagombewa sana, lakini ndugu yetu Daudi yuko karibu, angelala kwake na gharama zingepungua. "Ndugu ni msaada mkubwa," Mogesi akasema. "Ila aje baada ya alama na gharama." Cha pili na cha tatu vilikuwa vya serikali pia, kimoja upande wa Kagera, kingine mbali zaidi. Hivyo viwili alama zake ziliviweza vizuri. Cha mwisho kilikuwa chuo kidogo cha kanisa, punje tatu na nusu, ambacho kila mwaka hubaki na nafasi.

Shemeji alikubali cha Mwanza tu. Kwa vile vingine alisema, "Andikeni. Kuandika si kwenda." Nikaviacha orodhani, nikitumaini siku ikifika atatoa ng'ombe wa nne.

Eunice aliomba wiki ile ile, hakungoja siku za mwisho. Akahifadhi risiti zote ndani ya Biblia yangu. Tukangoja. Kila jioni niliomba, "Bwana, umpeleke panapomfaa." Sikutaja mji.

Chuo cha Mwanza hakikumwita. Eunice alishinda shambani siku nzima. Siku ya nne tangu hapo, chuo cha Kagera kilimwita. Alipiga kelele mpaka Tabitha akaja mbio, akidhani nyoka ameingia nyumbani. Tabitha alipojua, alimkumbatia, akalia. Kisha akaniambia, "Marwa ameomba namba ya Mogesi. Anataka kuanza upya, safari hii kwa hesabu."

Lakini mimi nilikuwa na punje tatu, na chuo kilitaka nne. Nilimwita shemeji.

Alikuja, akakaa. Eunice akamsomea barua ya chuo tangu juu mpaka chini. Siku ya kuripoti, malipo kwa awamu nne, vitu vya kubeba. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno lile nililoliogopa.

"Kagera hatuna mtu."

"Kuna hosteli ya wasichana, shemeji," nikasema. "Nimeongea na matroni mwenyewe kwa simu. Kanisa letu liko karibu."

"Matroni si ndugu." Sauti yake ilishuka. "Shemeji, unajua mdogo wangu alifia wapi. Aliugua ugenini, kwenye machimbo, siku tisa. Hapakuwa na mtu wetu wa kumpa hata maji. Mimi nilifika nikakuta ameshafunikwa shuka. Siku ile niliapa. Hakuna mtoto wa nyumba hii atakayekwenda mahali ambapo hatuna mtu."

Kwa miaka sita nilidhani shemeji anapenda tu kusikilizwa. Kumbe alikuwa anaogopa. Nikainamisha kichwa. Tabitha, aliyekuwa mlangoni, akaacha kupepeta mchele.

Eunice akaikunja barua. Akapiga magoti mbele ya baba yake mkubwa, kama tulivyomlea.

"Baba mkubwa," akasema, "hata Mwanza kabla ya Daudi hatukuwa na mtu. Yeye alikwenda wa kwanza. Niache niende. Mwanao Ezra akimaliza shule, akitaka kusoma Kagera, usiulize huko tuna nani. Mimi ndiye nitakuwa mtu wetu wa huko."

Shemeji alimtazama. Akamwekea mkono kichwani. Kisha akainuka, akaangaza macho ukutani, akatungua kamba ya kufungia ng'ombe, akatoka kuelekea zizini kwake.