Mpaka Picha Iishe

Kila Jumamosi asubuhi mama na mimi tulikaa sakafuni tukikata nyuzi za suruali za jinzi alizoletewa kutoka kiwandani. Nikimaliza rundo langu, nilishuka ngazi mbio hadi ghorofa ya nne kumwita rafiki yangu Siu-fan, tukaenda sinema ya saa nane mchana.

"Ping, leo anapigana na wangapi?"

"Ishirini! Na viatu virefu miguuni!"

Filamu za wanawake wapiganaji tulizipenda kuliko chakula. Stelingi wetu alipiga teke mlango, ukaanguka pamoja na ukuta. Alirushwa kutoka ghorofani, akapasua turubai la muuza samaki, akatua juu ya makreti, akasimama na kutengeneza nywele. Ukumbi mzima ulishangilia, hata mabibi vizee. Adui mkubwa alipokufa, milango ilifunguliwa na watu wote wakainuka. Pale Hong Kong nani alikuwa na muda wa kukaa kusoma majina ya walioitengeneza? Sisi ndio tulikuwa wa kwanza kutoka, tukirushiana mateke kwenye ngazi.

Mwaka ule jengo letu lilikuwa likipakwa rangi, limezungushiwa jukwaa la mianzi la mafundi kupandia. Aliyelifunga ni jirani yetu, Mjomba Keung, fundo kwa fundo, kwa mikono yake. Jumamosi moja tulitokea dirisha la ngazi, ghorofa ya kwanza, tukasimama juu ya mianzi. Chini yetu kulikuwa na turubai la muuza mboga.

"Ruka," nikasema.

"Naogopa, Ping."

"Basi wewe uwe yule mhudumu wa chai anayekufa mwanzoni!"

Siu-fan alinitazama. Kisha akaruka.

Turubai lilipasuka mara moja, kama karatasi. Chini hakukuwa na makreti. Kulikuwa na saruji.

Watu walikuja mbio. "Imekuwaje?" Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Alitoka kuokota soksi iliyoanguka kwenye jukwaa. Fundo likafunguka."

Kesho yake Mjomba Keung alifukuzwa kazi.

Siku tatu nilimwona akizunguka jengo peke yake, akishika kila fundo, akilivuta, akihamia lingine. Siku ya tatu aliniita.

"Ping, mwanangu, unakumbuka lilikuwa lipi?"

Nikanyoosha kidole popote tu.

Alilivuta kwa nguvu zake zote. Halikusogea. "Labda wameshalifunga upya," akasema, kisha akaiangalia mikono yake kwa muda mrefu. Mimi hakuniangalia hata kidogo.

Jioni ile mama alinipeleka hospitalini. Siu-fan alikuwa amelala, mguu umening'inizwa. Daktari alisema hautarudi kama zamani.

"Sijakutaja," alininong'oneza. "Stelingi hamchongei mwenzake."

Nilitamani ningekuwa mimi niliyeanguka.

Mara akaingia Mjomba Keung na chupa ya supu. Aliinama mbele ya mama yake Siu-fan, akabaki ameinama.

"Nisamehe, dada. Vifaa vyangu nimewagawia vijana, sipandi tena. Miaka thelathini nafunga mianzi, na sijui nilikosea wapi."

"Hukukosea!" nikapiga kelele. "Nilimwambia aruke! Fundo halikufunguka!"

Siu-fan alifunga macho. Mama yake hakunipiga, afadhali angenipiga. Alinigeuzia mgongo tu, akaendelea kumfuta mwanawe jasho.

Mama yangu alinishika mkono hadi kwa msimamizi wa kazi ya jengo, nikarudia yote mbele ya mafundi. Jumatatu Mjomba Keung alikuwa juu tena. Lakini mguu wa Siu-fan ulipona ukiwa mfupi, na nilipousikia ukiburuzwa kwenye ngazi, nilijificha nyuma ya mlango. Siku nyingi nilijificha hivyo.

Miezi ilipita. Jumamosi moja Mjomba Keung akabisha hodi, Siu-fan yuko nyuma yake na mkongojo.

"Twende sinema," Mjomba akasema.

Adui mkubwa alikufa, milango ikafunguliwa, watu wakainuka. Mjomba Keung akaninyooshea mkono mbele kama mwanzi. "Kaa."

Majina yakaanza kupanda. Pembeni yake kulikuwa na vipande vya siku walipokuwa wakiitengeneza filamu. Stelingi wetu alianguka kutoka ghorofani. Chini ya turubai yalipangwa magodoro na maboksi matupu, na bado aliyakosa. Alilia kwa sauti, uso umejaa vumbi, wakambeba kwa machela.

Nikalia na mimi.

"Hawakuwadanganya," Mjomba Keung akasema. "Ukweli waliuweka mwishoni, nyie mkatoka kabla. Mimi pia nimewahi kuanguka, Ping, najua kuogopa. Lakini ulipoogopa wewe, ulimwacha mtu mwingine abebe kosa lako. Fundo ukiliacha nusu, mtu ataanguka. Ukweli ni hivyo hivyo, mwanangu. Useme wote, na uuseme mapema."

Mfagiaji akatufikia na ufagio wake. "Nyie, imeisha! Nendeni nyumbani!"

Siu-fan alinyoosha mguu wake mbaya juu ya kiti cha mbele, akaushika mkono wangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Bado," akasema.