Mafuta Kwenye Madawati ya Darasa la Saba

Nilisikia kufuli likifungwa, nikiwa na birika la chai mkononi.

Nikageuka. Mume wangu, Sufiani, alikuwa anachomoa ufunguo kwenye mlango wa chumba cha mtoto. Akautumbukiza mfukoni mwa kanzu, akakaa kwenye kochi kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.

Ndani ya chumba kile yumo Zuwena, binti yetu. Kavaa sare, viatu kapaka rangi, penseli na rula mkononi. Na siku yenyewe ni ya mtihani wa taifa wa darasa la saba!

"Mamaaa! Nifungulie! Mtihani unaanza saa mbili!"

"Baba Zuwena... unafanya nini?"

"Binti yangu hakai kwenye dawati lililopakwa mafuta ya walokole."

"Kwa hiyo asifanye mtihani?!"

"Asifanye! Ataenda Ubena kwa shangazi yake. Pale mgahawani kazi haikosekani."

Jamani! Ubena! Mtoto anayeongoza hesabu tangu darasa la nne, akakaange chipsi za madereva wa malori!

Nilimrukia nikiutafuta ule mfuko wa kanzu. Akanisukuma, chai ikanimwagikia mguuni. Maumivu sikuyasikia, nilikuwa nasikia mlango tu ukigongwa.

Ngoja niwaambie ilikoanzia, maana najua mnajiuliza mafuta gani hayo.

Shule yetu ni ya serikali, hapa hapa Zinga. Waislamu tumo, Wakristo wamo. Kipindi cha dini kikifika watoto wanagawanyika, hawa na ustadhi wao chumba hiki, wale na mwinjilisti wao chumba kile. Kengele ikigonga, wote wanarudi kwenye hesabu.

Msidhani tulikuwa tunapendana. Tulikuwa tunavumiliana, na kila upande ulikuwa unamsubiri mwenzake akosee.

Sasa siku moja kabla ya mtihani, watoto wakapelekwa kuonyeshwa nafasi zao. Wakakuta kila dawati lina alama ya mafuta. Katikati kabisa, upana wa kidole, inang'aa!

Adhuhuri haijaingia, wazazi tumeshajaa uwanjani.

Na wa kulaumiwa alikuwepo tayari. Mwalimu Natalia, wa hesabu, mlokole asiyejificha. Wiki iliyopita tu alimleta mchungaji wake kuwaombea watoto wa Kikristo. Sasa nani mwingine angepaka mafuta?

Sufiani wangu akapanda juu ya tofali.

"Shule hii ya nani?"

"Ya serikali!" tukaitikia.

"Na serikali haina dini! Katiba imesema! Anayetaka kupaka mafuta akapake kanisani kwake!"

Akachomoka Anold, baba yake Tarcis, fundi wa kuchomelea mageti pale barabarani.

"Mafuta tu hayo! Yanamdhuru nani? Nchi hii ina uhuru wa kuabudu! Upako umeshuka shuleni kwetu, semeni amina!"

"Amina!" wenzake wakapokea.

Mwalimu Natalia akanyanyua mikono.

"Jamani, siyo mimi. Nawaapia, sijapaka mimi!"

Nani angemwamini? Wakristo wenzake walikuwa wanampigia makofi! Walimshangilia kwa jambo analolikataa kwa kiapo.

Mke wa Anold, Teddy, akaniangalia juu mpaka chini.

"Nyie watu wa pwani shule mnaikumbuka siku ya ugomvi tu."

"Na wewe rudi huko bara mlikotoka, mkapakane mafuta mpaka masikioni!"

Nilimjibu hivyo, tena kwa sauti, na kidole nilimnyooshea.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Kibwana, maskini, akajaribu.

"Wazazi wangu, tutayafuta kwa sabuni, yaishe."

"Upako hautoki kwa sabuni!" Sufiani akafoka.

"Thubutu kuufuta uone!" Anold naye akafoka.

Yaani walichokubaliana siku ile ni kimoja tu, kwamba madawati yasifutwe!

"Mimi nina wazo," Mwalimu Natalia akasema. "Hayo madawati..."

"Kaa kimya!"

Pande zote mbili zilimnyamazisha kwa pamoja. Tukatawanyika tukitukanana, na jioni nzima grupu ya wazazi ya WhatsApp ilikuwa povu tupu. Simu yangu ilitetemeka mpaka ikaisha chaji.

Ndivyo tulivyoamka asubuhi ile, mtoto kafungiwa na ufunguo uko kwenye kanzu.

Mara nikasikia hodi.

Ni mama mkwe wangu, Bi Hajra. Anauza maandazi pale getini shuleni, watoto wote wanamwita bibi. Jana yake alikuwa kaenda Fukayosi kwenye matanga, hata ule ugomvi uwanjani haukumkuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona nimepita shuleni sijamwona mjukuu wangu? Na huyo anayelia ndani nani?"

"Ni yeye, mama. Mwanao kamfungia."

"Kamfungia! Kwa kosa gani?"

"Kwa mafuta," Sufiani akadakia. "Yule mwalimu mlokole kapaka madawati yote mafuta."

Bi Hajra akatua kikapu chini taratibu. Akakaa.

"Mafuta gani?"

"Ya upako! Kila dawati, katikati!"

Bibi wa watu akajifuta uso na ncha ya kanga. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananifanya nicheke na kulia.

"Sufiani... yale mafuta ni yangu."

"Nini?!"

"Ni habasoda. Nilimpelekea Maalim Kombo, akayasomea Yasini. Juzi jioni nikamwomba Mwishehe mlinzi anifungulie darasa. Nimepaka yote, sikubagua. Watoto wale wote si wajukuu zangu?"

"Mama, mbona hukusema?"

"Dua inatangazwa?"

Na huyo Mwishehe naye, jana yake mchana kutwa alikuwepo getini anasikia Mwalimu Natalia anavyotukanwa! Kanyamaza kimya akiogopa kufukuzwa kazi.

Sasa mwangalieni mume wangu. Mimi nilitegemea ataona haya. Nilitegemea atainamisha kichwa, aseme tumemwonea mwalimu wa watu.

"Kayasomea Maalim Kombo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Yasini nzima?"

"Nzima."

Uso ukamchanua!

"Alhamdulillah! Basi hizo ni baraka!"

Akanyanyuka, akachomoa ufunguo, akafungua mlango. Zuwena akatoka macho yamevimba.

Nikamshika kanzu.

"Baba Zuwena, jana si ulisema serikali haina dini?"

"Aah, mke wangu. Mafuta tu hayo. Yanamdhuru nani?"

Mmesikia? Ni maneno ya Anold yale yale!

Ningempasua siku ile, ila muda ulikuwa unakimbia. Tukamdaka bodaboda, tukapanda mshikaki, mtoto katikati. Njia nzima Zuwena alikuwa analia kwamba tumechelewa, na mimi nilikuwa namwambia bado, bado, huku hata saa siioni.

Getini tukakuta wazazi wamekusanyika. Wetu wamewashika watoto wao mikono, hawaingii. Watoto wa Kikristo wako kwenye foleni, wanakaguliwa. Askari mwenye bunduki kasimama mlangoni, na mwalimu mkuu yuko ndani na wasimamizi.

"Kengele ikigonga, aliye nje ni wa nje!" akatangaza.

Sufiani akashuka kwenye pikipiki anapunga mikono.

"Ingizeni watoto! Mafuta ni yetu! Ya kisomo! Ya Maalim Kombo!"

Mungu wangu! Angewanong'oneza wetu tu, watoto wote wangeingia na mambo yangeisha. Lakini mume wangu alitaka ushindi, na ushindi bila kelele kwake si ushindi.

Wetu wakashangilia, wakawasukuma watoto ndani. Zuwena akapita mbio bila kugeuka nyuma.

Kule kwenye foleni nikamwona Anold anabadilika rangi.

"Ya nini?"

"Ya kisomo, baba!" Sufiani akamjibu kwa dharau. "Sema amina basi!"

Anold akamrukia mwanawe, akamvuta mkono kumtoa kwenye foleni.

"Tarcis, toka! Mwanangu hakalii ushirikina! Shule hii ni ya serikali, na serikali haina dini! Katiba imesema!"

"Uhuru wa kuabudu!" Sufiani akamjibu.

"Kasomee msikitini kwako!"

"Tatizo lako nini? Umelaaniwa?"

Jana na leo, maneno yale yale, wamebadilishana vinywa tu!

Mwalimu Natalia akatoka mbio ofisini.

"Baba Tarcis! Mwache mtoto! Nisikilizeni, yale madawati..."

"Nyamaza!" Anold akamgeukia. "Ulijua ni ya kwao ukatuficha!"

"Tena utuombe radhi kwa kutuletea mchungaji!" Sufiani akaongezea.

Jamani... hawa ndio wa kumwomba radhi yeye! Mwanamke kasingiziwa mchana kweupe, kumbe hana hatia, na bado wanamtaka aombe msamaha! Akafungua tena kinywa, "Lakini madawati..." wakamzomea mpaka akashika mdomo, machozi yanamtoka.

Tarcis alikuwa analia bila sauti, mkono mmoja umeshikwa na babaye, mkono wa pili kakumbatia rula.

Nikamtafuta Teddy kwa macho. Naye alikuwa ananitazama. Simpendi yule mwanamke, niwe mkweli, na yeye hanipendi. Lakini nilijua anachohisi, kwa sababu saa moja iliyopita nilikuwa mimi.

"Unasubiri nini?" nikamwambia.

Teddy alimwendea mumewe, akamng'ata mkono!

Anold akapiga yowe, akaachia. Mtoto akachomoka. Anold akataka kumkimbilia, nikajitupa mbele yake na uzito wangu wote, na wanaonijua wanajua siyo mdogo. Tukaanguka wote wawili kwenye mchanga.

"Sufiani! Mkeo kichaa!"

"Maulida! Unamshika mwanamume wa watu?!"

"Na wewe nakuja!" nikamjibu kutoka huko huko chini.

Kengele ikagonga. Nikageuza shingo, nikamwona Tarcis anapotelea mlangoni, askari akafunga nyuma yake.

Wote wameingia.

Teddy akanipa mkono kuniinua. Nilipokwisha kusimama akaniachia haraka, akajipangusa vumbi.

"Usidhani nimesahau ya jana," akasema.

"Hata mimi sijasahau."

Jioni Zuwena akarudi. Nikamuuliza mtihani ulikuwaje, akasema mzuri. Bibi yake akacheka kwa furaha.

"Mafuta yangu hayo!"

Zuwena akamwangalia.

"Mafuta gani, bibi? Dawati langu halikuwa na mafuta."

"Utakuwa hukuyaona."

"Hata dawati lenyewe siyo langu. Lile limechongwa majina ya watoto wa darasa la tano. Yote yalikuwa ya darasa la tano."

Nikasimama. Nikaichukua simu, nikafungua ile grupu ya wazazi, nikaanza kurudi nyuma. Matusi... matusi... picha ya bunduki... matusi...

Na katikati ya tusi la mume wangu na tusi la Anold nikaukuta ujumbe wa Mwalimu Natalia, wa jana yake jioni.

"Wazazi, mimi na mwalimu mkuu tumebadilisha madawati yote. Yenye mafuta tumeyatoa nje. Watoto waje bila wasiwasi."

Hakuna aliyejibu. Chini yake yanaendelea matusi.

Ndiyo maana alikuwa anasema, "Yale madawati..." Mara ngapi mlinisikia nikiwahadithia kwamba alianza kusema, akanyamazishwa? Alikuwa na dawa mdomoni, na sisi tulikuwa tunamziba mdomo!

Kesho yake, watoto walipomaliza mtihani, nikaenda kuyaona yale madawati yaliyotaka kumpeleka mwanangu Ubena. Mwishehe akanionyesha nyuma ya jiko la shule. Yamerundikwa, mafuta bado yanang'aa, na kuku wake katagia juu ya moja.

Nikamwambia Bi Hajra baraka zake zimeangukia wapi. Hakuzungumza na mimi wiki nzima.

Basi wapendwa, mimi sina elimu ya katiba, ila hili nimelishuhudia kwa macho yangu. Ukimsikia mtu anapiga kelele kwamba serikali haina dini, usimshangilie haraka. Muulize kwanza, kama mafuta yangekuwa yako ungesema hivyo? Maneno yale ni ya kweli, lakini getini kwetu hayakuwa na mwenyewe. Aliyekasirika ndiye aliyeyaokota, na alipofurahi akayatupa kwa mwenzake.

Zuwena kachaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Tarcis pia.

Mwalimu Natalia hakusubiri majibu. Aliomba uhamisho, akapewa, akaondoka na sanduku lake bila mzazi hata mmoja kumsindikiza. Nami sikwenda. Niliona haya, na haya haijawahi kumbebea mtu mzigo wake mpaka stendi.

Mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha wazazi. Darasa la sita wamemaliza muhula mzima bila kufundishwa hesabu.

Sufiani akasimama, kakunja uso.

"Serikali inatuonea! Shule nzima haina mwalimu wa hesabu!"

Na aliyempigia makofi kwa nguvu kuliko wote, mpaka akasimama, alikuwa Anold.